Dawa ya kuzuia kutapika kwa mwenye kifafa: katazo, ushahidi na dozi iliyopotea

Mtu mwenye kifafa akianza kutapika, familia yake hupewa maelekezo yasiyopatana. Notisi iliyokunjwa ndani ya boksi la Primperan, dawa ambayo jina lake la kitaalamu ni metoklopramidi, inasema mwenye kifafa asiitumie. Muuzaji wa famasi anajibu kwamba ameiuza miaka yote na hajaletewa lalamiko. Muuguzi wa kituo cha afya anasisitiza vidonge vya kifafa viendelee kumezwa, ilhali kila kinachomezwa kinarudi. Jirani naye anashauri vidonge hivyo viachwe kwanza, kwa kuwa tumbo limevikataa. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli mkononi, na mgonjwa ndiye anayelipa gharama ya sehemu hizo kutounganishwa.

Katika jimbo la Tanganyika, mashariki mwa Kongo, mkanganyiko huu una uzito wa pekee. Kalemie imekaa kando ya ziwa na kipindupindu hurudi huko mara kwa mara. Malaria haina msimu wa kupumzika. Piana-Mwanga, penye maporomoko ya mto Luvua na mtambo wa umeme uliojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya migodi ya bati ya Manono, ina maji ya kasi ya aina ile ambayo inzi waenezao usubi, yaani upofu wa mtoni, huzaliana ndani yake. Uhusiano wa usubi na kifafa umechunguzwa kwa miaka mingi: Louise Jilek-Aall alihudumia na kuandika kuhusu wagonjwa wa kifafa wa Mahenge, Tanzania, kuanzia miaka ya 1960, na karibuni zaidi watafiti wa Kongo na wa Chuo Kikuu cha Antwerp wameufuatilia Ituri. Kwa hiyo mito inayoleta umeme na samaki inaweza pia kuleta kifafa, na maji machafu yanayoleta kuhara huleta kutapika. Magonjwa haya mawili hukutana katika nyumba ileile, mara nyingi katika mwili uleule.

Ukubwa wa tatizo unaonekana kwenye hesabu zilizofanywa vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka vituo vitano vya Afrika, vikiwemo Kilifi nchini Kenya, Iganga na Mayuge nchini Uganda, na Ifakara nchini Tanzania, ulikuta kifafa cha degedege kinachoendelea kwa watu kati ya 7 na karibu 15 katika kila 1,000, Ifakara ikiwa juu kuliko zote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watatu kati ya kila wanne wenye kifafa katika nchi za kipato cha chini hawapati matibabu wanayohitaji. Anayepata vidonge vyake Tanganyika, basi, ameshavuka vikwazo vingi, na kila dozi anayoitapika ni hasara aliyoigharamia.

Kutapika kuna sababu nyingi

Kosa la kwanza katika mjadala huu ni kuuliza “apewe dawa gani?” kabla ya kuuliza “anatapika kwa nini?”. Kwa mwenye kifafa, jibu la swali la pili linaweza kuwa lilelile la kila mtu: malaria, kuhara, homa ya tumbo, mimba changa, chakula kilichoharibika. Lakini yapo majibu yanayomhusu yeye zaidi, na baadhi yake ni ya hatari.

Dawa za kifafa zenyewe huchafua tumbo. Valproati, inayojulikana zaidi kwa jina la Depakine, huleta kichefuchefu hasa mwanzoni, na kumeza pamoja na chakula husaidia. Lakini valproati hiyohiyo, kwa wachache, hudhuru ini au kongosho, na dalili ya mapema ya madhara hayo ni kutapika pamoja na uchovu, kukosa hamu ya kula, maumivu ya tumbo au usingizi usio wa kawaida. Karbamazepini, yaani Tegretol, ikizidi mwilini huleta kutapika, kizunguzungu, kuyumba na kuona vitu viwiliviwili. Inaweza pia kushusha chumvi ya sodiamu katika damu, na sodiamu ikishuka sana huleta kichefuchefu kwanza kisha mishtuko. Mgonjwa wa namna hii akipewa dawa ya kunyamazisha tumbo na kurudishwa nyumbani, kengele imezimwa na moto umeachwa unawaka.

Kuna pia kutapika ambako ndiko kifafa chenyewe. Daktari Mgiriki Panayiotopoulos alieleza aina ya kifafa cha watoto, wengi wao wa miaka 3 hadi 6, ambacho huanza kwa kichefuchefu na kutapika, mtoto akapauka, akageuza macho upande mmoja, akapoteza fahamu polepole, mara nyingi usiku akiwa amelala. Mtoto wa hivyo hutibiwa kwa miezi kama mwenye tumbo bovu. Na kutapika asubuhi kunakoambatana na kichwa kinachouma zaidi siku baada ya siku huweza kumaanisha shinikizo ndani ya fuvu: uvimbe, maambukizi, au minyoo ya nguruwe iliyotulia ubongoni, ambayo ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya kifafa mahali nguruwe hufugwa huria.

Mwongozo wa kutunza watoto wagonjwa ambao wauguzi wa Kongo huuita PCIME umeliweka jambo hili wazi. Kutapika kila kitu ni dalili ya hatari, na degedege ni dalili ya hatari. Mtoto mwenye moja tu kati ya hizo anapaswa kupelekwa hospitali. Mtoto anayejulikana kuwa na kifafa huwa anapoteza ulinzi huu kwa sababu watu wamemzoea. Akianguka akiwa na homa na matapishi, watu husema “ni ugonjwa wake”, na malaria ya ubongo hupata saa kadhaa za kufanya kazi bila kupingwa.

Dawa hizi hufanyaje kazi

Chini ya ubongo, karibu na uti wa mgongo, kuna sehemu ndogo inayopima sumu katika damu na kuamuru tumbo litapike. Sehemu hiyo husikiliza ujumbe wa kemikali, hasa dopamini na serotonini. Dawa nyingi za kuzuia kutapika huziba mlango wa mojawapo ya kemikali hizo, na hapo ndipo tofauti zao kwa mwenye kifafa huanzia.

Metoklopramidi huziba dopamini. Hupenya kwa urahisi ukuta unaotenganisha damu na ubongo, kwa hiyo haiishii kwenye kituo cha kutapika. Hufika hadi sehemu zinazoongoza mwendo wa misuli. Domperidoni, inayouzwa kama Motilium, huziba dopamini vilevile lakini hupenya kidogo sana, na kwa kuwa kituo cha kutapika kiko mahali ambapo ukuta ule ni mwepesi, inaweza kukifikia bila kuzama ndani. Ondansetroni, ambayo wanaotumia dawa za Ufaransa huijua kama Zophren, huziba serotonini. Prometazini, yaani Phenergan, ni ya jamii ya dawa za mzio inayoleta usingizi mzito. Ndugu yake wa karibu, klorpromazini au Largactil, hutolewa kwa magonjwa ya akili na wakati mwingine kwa kutapika kusikokoma. Tangu miaka ya mwanzo ya matumizi yake, klorpromazini imejulikana kuamsha mishtuko, na hatari hukua dozi inapokua. Hiyo haina utetezi mkubwa hapa; mwenye kifafa hana sababu ya kupewa kwa ajili ya tumbo.

Katazo limesimama juu ya nini

Ubishi halisi unahusu metoklopramidi, kwa sababu ndiyo rahisi, ndiyo iliyoenea, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Maelezo rasmi ya Marekani na ya Ulaya yote yanasema isitumiwe na mwenye kifafa, kwa kuwa inaweza kuongeza idadi na ukali wa mishtuko. Wakala wa Dawa wa Ulaya, ulipoipitia upya mwaka 2013, uliipunguzia nafasi zaidi: isizidi siku 5, isizidi miligramu 10 mara tatu kwa siku kwa mtu mzima, isizidi nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito kwa siku nzima, na isitolewe kabisa kwa mtoto chini ya mwaka mmoja.

Upande wa katazo una nguvu tatu. Ya kwanza ni ya kibaiolojia: dopamini inaaminika kusaidia kutuliza ubongo wenye mwelekeo wa kifafa, na kuiziba ni kuondoa sehemu ya breki. Ya pili ni taarifa za wagonjwa mmojammoja waliopata mshtuko baada ya dozi. Ya tatu ni ya kiutendaji: katazo ni rahisi kukumbuka, na muuguzi aliye peke yake usiku hahitaji kupiga hesabu.

Udhaifu wake uko katika ushahidi. Majaribio ya kitabibu yaliyopima dawa hizi kwa kawaida yaliwaacha nje watu wenye kifafa, kwa hiyo swali linalotuhusu halikujibiwa na majaribio hayo, lilifungiwa mlango. Taarifa za mgonjwa mmojammoja nazo zina kasoro ambayo haiondolewi kwa kuzirundika. Anayepewa dawa ya kutapika tayari ni mgonjwa. Ana homa, amekosa maji, hajalala, sodiamu yake huenda imeshuka, na kidonge chake cha kifafa kiko ndani ya beseni. Kila kimoja cha vitu hivyo kinaweza kumwangusha. Akianguka saa mbili baada ya sindano, sindano hulaumiwa kwa sababu ndiyo inayoonekana. Ili kuitenga hatia ya dawa na hatia ya ugonjwa, ingehitajika kulinganisha wagonjwa wengi wenye kifafa na hali inayofanana, wengine wamepewa na wengine hawakupewa. Ni kazi ngumu, na ndiyo maana katazo limeishi miongo mingi juu ya tahadhari kuliko juu ya vipimo.

Wanaotetea matumizi ya metoklopramidi hushika hapo. Wanakumbusha kwamba mwaka 1981 Gralla na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa dozi kubwa za dawa hii, mara nyingi zaidi ya zinazoruhusiwa leo, huzuia kutapika kunakoletwa na dawa ya saratani ya sisplatini. Na tatizo lililojulikana zaidi kutokana na dozi hizo lilikuwa mkakamao wa misuli na kutotulia, zaidi ya degedege. Katika vyumba vya dharura vya Marekani sindano hiyo hutolewa kila siku kwa wenye kipandauso. Hoja yao ni ya haki. Kama hatari ingekuwa kubwa kwa kila mtu, ingeonekana zamani. Lakini inathibitisha kitu kimoja tu: kwamba ubongo usio na kifafa huistahimili. Haisemi lolote juu ya ubongo ambao breki zake tayari ni nyembamba, na mgonjwa wa chumba cha dharura huko Chicago ana kitanda, daktari na dawa ya kumtuliza kando yake.

Mkakamao unaodhaniwa kuwa kifafa

Lipo dhara la metoklopramidi ambalo halina ubishi, na kwa maoni yangu ndilo linalopaswa kuwa sababu kuu ya tahadhari Tanganyika, hata kama suala la mishtuko lingefutwa kesho. Ni mkakamao wa ghafla wa misuli. Hutokea zaidi kwa watoto na vijana, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili za mwanzo. Macho hupanda juu na kubaki huko. Shingo hujipinda upande mmoja au kurudi nyuma. Taya hukaza, ulimi hutoka, maneno hayatamkiki, mgongo huweza kupinda kama upinde. Mzazi anayeona hayo kwa mtoto ambaye kifafa chake kilikuwa kimetulia mwaka mzima hawezi kulaumiwa akisema kimerudi.

Tofauti zipo, na ni za kuonekana kwa macho bila mashine. Katika mkakamao mtoto ana fahamu: anasikia jina lake, anamfuata mama kwa masikio, analia kwa hofu na maumivu. Katika degedege la mwili mzima fahamu hupotea, mikono na miguu hurukaruka kwa mpigo, kisha huja usingizi mzito au kuchanganyikiwa. Mkakamao huja na kuachia kwa saa kadhaa. Degedege mara nyingi huisha ndani ya dakika chache. Na swali la kuuliza kabla ya mengine yote ni rahisi: amekunywa dawa gani tangu jana?

Kosa hapa huzaa makosa mengine. Mtoto huongezewa fenobarbitali, ile Gardénal ya vituo vyetu, kwa ajili ya mshtuko ambao haukutokea. Anakuwa mzito, anasinzia shuleni, na familia huanza kuamini kwamba dawa ya kifafa ndiyo inayomharibu. Wengine huhama kabisa kutoka kituo cha afya kwenda kwa mganga wa jadi, kwa kuwa hospitali imeshindwa. Kuna mtego wa ziada: sindano ya diazepamu hulegeza mkakamao vilevile kama inavyokata degedege. Mtoto akitulia baada ya diazepamu, kituo huandika “kifafa” kwenye fishi kwa uhakika mkubwa, ilhali kutulia kule hakukuthibitisha chochote. Dawa mahususi za mkakamao, kama biperideni, au prometazini yenyewe ikiwa hakuna nyingine, hubaki kabatini bila kuguswa.

Motilium na Zophren

Wengi huona jibu jepesi: kama metoklopramidi ina shida, tuhamie domperidoni. Ni kweli kwamba kwa upande wa ubongo domperidoni ina amani zaidi. Lakini ilikimbia ubongo ikaangukia moyo. Inaweza kuvuruga mpangilio wa umeme wa moyo, na mwaka 2014 Wakala wa Dawa wa Ulaya uliibana: miligramu 10 hadi mara tatu kwa siku kwa mtu mzima, isizidi wiki moja kwa kawaida, isitolewe kwa wenye maradhi fulani ya moyo wala pamoja na dawa zinazozuia ini kuivunja, kwa mfano baadhi ya dawa za fangasi na antibayotiki kama erithromisini. Uingereza iliondoa matumizi yake kwa watoto walio chini ya miaka 12 mwaka 2019. Mgonjwa wa Kalemie aliyehara siku tatu amepoteza potasiamu, na huenda anapewa kwinini kwa malaria. Vyote viwili huuelekeza moyo upande uleule mbaya.

Ondansetroni ina ushahidi mzuri kuliko zote kwa watoto wanaotapika. Utafiti wa Freedman na wenzake, uliofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 2006, uliwapa watoto 215 wenye kuhara na kutapika ama dozi moja ya ondansetroni ama kidonge kisicho na dawa. Waliotapika baadaye walikuwa asilimia 14 kwa waliopata dawa na 35 kwa wasiopata, na waliohitaji kutundikiwa maji ya mshipa walikuwa 14 dhidi ya 31. Haileti mkakamao wa misuli kama metoklopramidi, ingawa taarifa chache za kifafa zimo kwenye notisi yake pia. Kwa mwenye kifafa, mimi naiweka mbele ya nyingine pale dawa inapohitajika kweli.

Hata hivyo isipambwe kupita kiasi. Nayo hugusa umeme wa moyo, kwa hiyo tahadhari ya potasiamu na kwinini inabaki. Fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, na karbamazepini hulifanya ini liivunje haraka, ikashuka katika damu, ingawa maelezo rasmi hayadai dozi ibadilishwe. Bei na upatikanaji vinaiweka mbali na vituo vidogo. Na iko hoja ya msingi zaidi: mwongozo wa kuhara wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 ulisema dawa za kuzuia kutapika zisitolewe kwa watoto wenye kuhara, kwa sababu zinaweza kuwalaza usingizi na kukwamisha unywaji wa maji ya chumvi na sukari, yaani ORS. Ushahidi wa ondansetroni umelegeza msimamo huo katika nchi nyingi, lakini kiini chake ni kizima. Mtoto anayepewa kijiko kimoja cha ORS kila dakika moja au mbili, akitapika akasubiriwa dakika kumi kisha akaendelea polepole, mara nyingi huacha kutapika maji yanaporudi mwilini. Ni kazi inayochosha mikono ya mama, na haina madhara kwa ubongo wala moyo.

Kidonge kilichorudi

Sasa turudi kwenye kile ambacho mjadala wa dawa gani hukifunika. Kwa mwenye kifafa aliyetulia, kukosa dozi ni miongoni mwa sababu za kawaida kabisa za kuanguka. Kutapika ni kukosa dozi kwa lazima. Nikiweka kwenye mizani hatari ya kinadharia ya dozi chache za dawa ya kutapika upande mmoja, na hatari ya siku tatu bila dawa ya kifafa upande wa pili, upande wa pili ni mzito.

Hapa panahitaji usahihi, kwa sababu dawa za kifafa hazilingani. Fenobarbitali hukaa mwilini muda mrefu; kwa mtu mzima hupungua nusu baada ya takribani siku tatu hadi nne. Dozi moja ya Gardénal ikitapikwa, akiba iliyopo humbeba mgonjwa, na hofu kubwa haina sababu. Karbamazepini kwa aliyeizoea hupungua nusu ndani ya saa kama 12 hadi 17, na valproati ya kawaida ndani ya saa 9 hadi 16. Kwa hao, siku moja ya kutapika inaweza kutosha kuwafikisha ukingoni. Kwa hiyo muuguzi anayejibu wagonjwa wote kwa sentensi moja anakosea kwa baadhi yao. Miongozo mingi hutumia kipimo cha karibu nusu saa: kidonge kikitoka ndani ya muda huo, hasa kikionekana kizima kwenye matapishi, dozi hurudiwa mara moja, kikitoka baada ya saa moja au zaidi hakirudiwi, maana kiasi kikubwa kimeshaingia. Kutapika kukiendelea hadi dozi mbili zinapotea kwa mwenye Tegretol au Depakine, huyo ni mgonjwa wa hospitali, kwa sababu huko inaweza kupatikana njia nyingine ya kumfikishia dawa.

Kukata ghafla kwa ushauri wa jirani ni hatari kwa dawa zote, na kwa fenobarbitali hasa. Muda wake mrefu mwilini humdanganya mtu: siku ya kwanza haoni kitu, ya tatu haoni kitu, na mishtuko mfululizo huja wakati ameshaanza kuamini kwamba amepona.

Hesabu hii inaigusa malaria pia. Karbamazepini, fenitoini na fenobarbitali huharakisha ini kuvunja dawa nyingine, ikiwemo artemeta-lumefantrini. Maelezo rasmi ya Marekani yanakataza kuichanganya dawa hiyo na karbamazepini au fenitoini kwa sababu kiwango chake hushuka na malaria inaweza kubaki. Mgonjwa aliyemaliza vidonge vyake vya malaria na bado anatapika siku ya nne, huku anatumia dawa hizi za kifafa, anapaswa kupimwa damu tena kabla ya kuongezewa Primperan.

Wajawazito

Mama mwenye kifafa katika miezi mitatu ya kwanza hukutana na hofu mbili kwa pamoja. Wengi huacha vidonge kwa kudhani ndivyo vinavyowachefua au vinavyomdhuru mtoto. Kuhusu valproati hofu yao ina msingi: karibu mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro kubwa, na watatu hadi wanne kati ya kumi wanaweza kuchelewa katika makuzi ya akili. Mabadiliko ya dawa hiyo yafanywe na daktari, na kabla ya mimba ikiwezekana. Kwa kichefuchefu chenyewe, vitamini B6 na chakula kidogokidogo ni mwanzo mzuri. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2013, uliopitia rekodi za mimba zaidi ya milioni moja, haukuona metoklopramidi ikiongeza kasoro za kuzaliwa. Ule wa Marekani wa mwaka 2018 uliona ondansetroni ikiongeza midomo au makaakaa yaliyopasuka kwa kiasi kidogo, kama watoto 3 zaidi katika kila 10,000. Kwa mama mwenye kifafa, basi, dawa iliyo salama zaidi kwa ubongo wake si lazima iwe ndiyo iliyo tulivu zaidi kwa mtoto, na uamuzi huo haupaswi kufanywa kwenye meza ya famasi.

Kupima hoja

Kuna pingamizi mbili ambazo haziwezi kupuuzwa. Ya kwanza inasema: kama ushahidi wa katazo ni dhaifu, kulitii ni kuwanyima wagonjwa dawa rahisi iliyopo kwa ajili ya dawa ghali isiyopatikana. Jibu langu ni kwamba udhaifu wa ushahidi una maana tofauti kulingana na kile kinachopotea kwa kusubiri. Kwa mtoto mwenye kuhara, kinachopotea bila metoklopramidi ni kidogo, kwa sababu ORS inafanya kazi kubwa zaidi. Na kinachoweza kupatikana kwa kuitoa ni mkakamao utakaoandikwa kifafa. Hapo katazo lishikwe. Kwa mtu mzima anayetapika kila kitu, aliye hospitali, ambaye ondansetroni haipo na karbamazepini yake inarudi kila mara, hesabu inageuka. Dozi moja ya metoklopramidi chini ya macho ya daktari, diazepamu ikiwa tayari, inaweza kuwa uamuzi wa busara kuliko kumwacha akose dawa ya kifafa siku ya pili. Namna hiyo ya kukiuka notisi ni ya daktari aliyesimama kando ya kitanda. Haihamishwi kwa muuzaji wa rejareja.

Pingamizi ya pili inasema maelezo haya ni mengi mno kwa kituo chenye muuguzi mmoja na wagonjwa sabini nje. Ni kweli kwamba mwongozo usiobebeka hausaidii. Lakini yanayohitajika kituoni ni machache: kutafuta chanzo cha kutapika, kuuliza kidonge cha kifafa kilirudi baada ya muda gani, kuanza ORS, kuacha Primperan na Largactil kwa mwenye kifafa, na kumtambua mwenye fahamu aliyekakamaa. Hakuna hata kimoja kinachohitaji mashine, na vyote vinaweza kubandikwa ukutani kwa Kiswahili kwenye karatasi moja.

Watafiti nao wana deni. Vituo vya Kilifi na Ifakara vimefuatilia wagonjwa wa kifafa kwa miaka, na miradi ya usubi ya Ituri ina orodha za wagonjwa wanaotembelewa vijijini. Kuandika kwenye madaftari hayo dawa ya kutapika aliyopewa kila mgonjwa, lini, na nini kilifuata ndani ya siku mbili, kungeanza kutoa jibu ambalo majaribio makubwa ya Ulaya na Marekani hayakulitafuta. Mjadala umekwama kwa kukosa wagonjwa wa kutosha wa kulinganishwa, na wagonjwa hao wako huku.

Mpaka takwimu hizo zipatikane, ombi langu kwa familia ni moja: nendeni kituoni au famasi mkiwa na boksi la dawa ya kifafa mkononi, na kabla ya kupokea siro yoyote ya kutapika semeni kwa sauti kwamba mgonjwa huyu ana kifafa. Na mkikuta shingo imejipinda na macho yamepanda juu baada ya dozi, mwiteni kwa jina; akiwasikia, mpelekeni hospitali pamoja na ile chupa aliyonyweshwa.